Je, kutekwa kwa Konstantinopoli ndiko kulikomleta Vasco da Gama Malindi?

Mwalimu mmoja wa historia wa Tanga ameniandikia hivi: "Tunafundisha kwamba Waturuki walipoiteka Konstantinopoli mwaka 1453 waliifunga njia ya viungo, Wazungu wakakosa pilipili manga, wakalazimika kutafuta njia ya baharini, na ndivyo Wareno walivyofika pwani yetu. Juzi mwanafunzi kaniuliza: kama njia ilifungwa 1453, mbona da Gama kaja 1498? Walikaa miaka 45 bila pilipili? Sikuwa na jibu. Naomba msaada. Na kama tunayofundisha si kweli, basi kutekwa kwa mji ule kulibadilisha nini hasa ambacho kimedumu?"

Mwalimu mwenzangu, kwanza mpongeze huyo mwanafunzi. Miaka 45 ni mingi mno kwa watu wanaodaiwa kuwa na njaa ya pilipili, na ukweli ni kwamba njaa hiyo haikuwapo. Sehemu kubwa ya viungo haikuwa ikipita Konstantinopoli hata kidogo.

Fuata gunia moja la pilipili manga. Linapakiwa Malabar, India, linavuka bahari hadi Aden, linaingia Bahari ya Shamu mpaka Jeddah, halafu linakwenda Cairo, na kutoka Cairo linateremka mto Nile kwa mashua hadi Alexandria. Magunia mengine yanaishia Damascus na Beirut. Huko ndiko merikebu za Venice zilikokuwa zikienda kuyachukua kila mwaka. Mwenye forodha tangu Jeddah hadi Alexandria alikuwa sultani wa Kimamluki wa Misri, wala si Mturuki wa Osmani. Mehmed wa Pili aliiteka Konstantinopoli mwaka 1453, lakini Cairo ilitekwa na mjukuu wake, Selim, mwaka 1517. Kufikia hapo da Gama alikuwa ameshapita Malindi miaka 19 kabla. Mtu hawezi kufunga mlango wa nyumba isiyo yake.

Hata pale Konstantinopoli penyewe, Mehmed hakufunga biashara. Venice ilipoteza watu katika vita vile, na mwakilishi wake mjini, Girolamo Minotto, aliuawa baada ya mji kuanguka. Pamoja na hayo, tarehe 18 Aprili 1454, hata mwaka haujatimia, Venice na sultani walitia sahihi mkataba: wafanyabiashara wake warudi, walipe forodha ya asilimia 2 kwa mali watakayoiuza. Anayekula kutokana na forodha hafungi bandari. Aliyewakera Wavenice kwa bei alikuwa mwingine kabisa, sultani Barsbay wa Misri, ambaye tangu miaka ya 1420 aliifanya pilipili kuwa biashara ya serikali na kupanga bei atakavyo. Kero hiyo ilianza kabla Mehmed hajazaliwa.

Sasa waandikie wanafunzi ubaoni tarehe za Wareno. Waliiteka Ceuta, Morocco, mwaka 1415. Waliivuka rasi ya Bojador mwaka 1434. Tarehe 8 Agosti 1444, katika mji wa Lagos kusini mwa Ureno, waliteremsha mateka 235 kutoka pwani ya Afrika Magharibi, wakawagawa uwanjani, baba akatengwa na mwanawe na mume na mkewe, na mwandishi wa mfalme aliandika vilio vyao. Hayo yote yametokea karibu miaka tisa au zaidi kabla ya Konstantinopoli kutekwa. Walichokuwa wakikifuata wakati huo kilikuwa dhahabu ya Afrika Magharibi, watu wa kuuza, na vita vyao na Wamorocco. India inaingia baadaye, hasa enzi ya mfalme João wa Pili aliyetawala tangu 1481: ngome ya Elmina ikajengwa 1482, Bartolomeu Dias akaizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488, na da Gama akang'oa nanga Lisbon tarehe 8 Julai 1497, akafika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, Malindi wiki moja baadaye, na Calicut tarehe 20 Mei.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya swali lako jibu lake ni hapana. Lakini usikimbilie kufuta yote ubaoni, maana kuna njia nyingine, yenye kona nyingi, ambayo kweli inaanzia kwenye kuta za mji ule na kwenda magharibi. Njia hiyo ni ya Wagenoa, watu wa Genoa, mji wa bandari wa Italia, na bidhaa yake ni shabu.

Naam, shabu hii hii ambayo kinyozi huikandamiza kidevuni wembe ukikuchanja. Zama zile ilikuwa na kazi kubwa zaidi: bila shabu, rangi haishiki kwenye sufu, na viwanda vyote vya nguo vya Florence na Flanders viliitegemea. Iliyokuwa bora ilichimbwa Phocaea, pwani ya Anatolia (Uturuki ya leo), mikononi mwa Wagenoa. Waosmani waliichukua mwaka 1455. Sasa kulikuwa na Mwitaliano mmoja, Giovanni da Castro, aliyekuwa na biashara ya kutia nguo rangi Konstantinopoli. Mji ulipoanguka akapoteza kila kitu, akarudi kwao mikono mitupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1460, akitembea katika vilima vya Tolfa ndani ya nchi ya Papa, aliona mmea aliokuwa akiuona kwenye milima ya shabu kule Asia. Akaokota mawe meupe, akayaonja, akayachoma na kuyachemsha, ikatoka shabu. Alimwendea Papa Pius wa Pili kumpa habari kwamba amemletea ushindi juu ya Waturuki, na Papa akaweka mapato ya mgodi ule kwenye mfuko wa vita dhidi yao. Mkimbizi mmoja wa mji uliotekwa aligeuza biashara ya bara zima.

Wagenoa wenyewe walipoteza zaidi. Koloni lao kubwa la Caffa, kwenye Bahari Nyeusi, lilitekwa mwaka 1475. Caffa ilikuwa soko la watumwa: Watartari, Warusi na Wacherkesi waliuzwa pale na kupelekwa Misri na Italia. Tangu mlango-bahari wa Bosporus ulipokuwa mikononi mwa Waosmani, mateka wa kaskazini walielekezwa Istanbul, yaani Konstantinopoli hiyohiyo. Fedha ya Genoa ikahamia magharibi, Seville na Lisbon, na kisiwa cha Madeira, mahali ambapo mashamba ya miwa yalikuwa yakipanuka. Miwa inataka mikono, na mikono ikatolewa Afrika. Siwezi kukuambia kwamba 1453 ndiyo iliyozaa biashara ya watumwa ya Atlantiki. Mateka wa Lagos wa 1444 wanaikataa kauli hiyo. Lakini mtaji na ujuzi wa watu waliofukuzwa mashariki ulikwenda kukaa palepale ambapo biashara hiyo ilikuwa ikiota mizizi, na hilo ni zito kuliko hadithi ya pilipili.

Nije kwenye mji wenyewe, maana hapa ndipo ninapoona wengi wanapotea. Tunasema "mji mkuu wa Bizanti", lile dola la Kikristo la Wagiriki, "uliangushwa 1453" kana kwamba siku hiyo ulikuwa bado mji mkuu wa kitu. Uliouvunja mgongo ulikuwa utekaji wa Aprili 1204, na waliouteka walikuwa Wakristo wenzao, wapiganaji wa msalaba waliobebwa na merikebu za Venice. Waliupora, wakauchoma, wakakaa humo hadi 1261. Farasi wanne wa shaba waliong'olewa huko wako Venice mpaka leo, ndani ya kanisa la San Marco. Wabizanti waliporudi walirithi gofu lenye jina kubwa.

Ukitaka kuwaonesha wanafunzi umaskini huo, wape karamu ya mwaka 1347. Kaisari Yohana wa Sita anatawazwa. Vito vya taji vimewekwa rehani Venice tangu 1343 kwa dukati 30,000, na havikukombolewa kamwe. Mwandishi Gregoras anasimulia kwamba taji na mavazi siku ile vilipambwa kwa vipande vya kioo na ngozi iliyopakwa rangi ya dhahabu, na mezani hapakuwa na chombo cha dhahabu wala cha fedha, ila vya bati na vya udongo. Gregoras huyohuyo anatoa hesabu ya forodha: Galata, mtaa wa Wagenoa ng'ambo ya pili ya maji, ulikuwa ukikusanya sarafu za dhahabu 200,000 kwa mwaka, na Konstantinopoli yenyewe 30,000. Utajiri ulikuwa ukipita mbele ya pua ya kaisari na kuteremshwa kwa jirani. Mwaka huohuo wa 1347 tauni ikaingia.

Ndiyo maana Urban, fundi wa mizinga kutoka Hungary, alipokwenda kwanza kwa kaisari Konstantino wa Kumi na Moja kutaka kazi, kaisari hakuwa na cha kumlipa. Akaenda kwa Mehmed. Mzinga aliosubu ulirusha tufe la jiwe la karibu nusu tani. Kuta za Theodosius zilikuwa zimesimama tangu karne ya 5, safu mbili na handaki, na hakuna jeshi la nchi kavu lililokuwa limezivunja kwa miaka elfu moja. Ndani walikuwamo watu kama 50,000, mahali palipowahi kuwa na mamia ya maelfu. Kati ya kitongoji na kitongoji kulikuwa na mashamba na miti ya matunda. Wapiganaji walikuwa kama 7,000, wakiwamo 700 wa Giovanni Giustiniani aliyekuja kutoka Genoa. Walihimili siku 53, mpaka alfajiri ya tarehe 29 Mei.

Kilichofuata ni uporaji, na sitaki tukipite haraka kwa kuwa kimepita zamani. Maelfu kwa maelfu walifungwa kamba wakauzwa. Watu waliokimbilia ndani ya Ayasofya, kanisa kuu la mji, wakitarajia muujiza walitolewa humo wawili wawili, utumwani. Mji ule ulilipa gharama kamili ya neno "kutekwa".

Halafu Mehmed, kijana wa miaka 21, akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililodumu kuliko mengine yote: akaamua kuujaza. Mji mtupu haukumfaa. Aliwarudisha baadhi ya Wagiriki na kuwapa nyumba, na alipoona watu hawaji kwa hiari akatumia amri ya kuwahamisha kwa nguvu, iliyoitwa sürgün. Familia zilipewa agizo la kufunga mizigo, Waislamu, Wagiriki, Waarmenia na Wayahudi, kutoka Anatolia, kutoka Morea kusini mwa Ugiriki, na kutoka Trebizond baada ya kutekwa mwaka 1461. Ukifika Istanbul leo kuna mtaa unaitwa Aksaray. Jina lile ni la mji wa Anatolia, watu wa huko walihamishwa wakaja nalo. Kanisa la Mitume Watakatifu, walikozikwa makaisari, lilibomolewa, na mahali pake ukajengwa kati ya 1463 na 1470 msikiti wa Fatih ukiwa na madrasa nane, hospitali na jiko la kulisha watu. Soko kubwa lililofunikwa likaanzishwa, na kasri la Topkapi likaanza kuinuka. Hesabu ya mwaka 1477 ilikuta kaya zaidi ya 16,000 mjini na Galata. Karne iliyofuata ukawa mji mkubwa kuliko wote Ulaya, na ukabaki makao makuu ya dola hadi dola lenyewe lilipokufa na Ankara kushika nafasi yake mwaka 1923.

Jambo moja dogo ambalo wanafunzi hulipenda. Wengi hudhani Mehmed ndiye aliyeuita Istanbul. Jina hilo limetokana na maneno ya Kigiriki "eis tin polin", yaani "mjini", kama Mzanzibari asemavyo "naenda mjini" bila kutaja mji gani, kwa sababu hakuna mwingine. Sarafu za Waosmani wenyewe ziliendelea kuandikwa Kostantiniyye kwa karne kadhaa.

Kwenye dini, athari bado hai, nayo imefika hadi kwetu. Mehmed alihitaji kiongozi wa Wakristo wa Kiorthodoksi asiyependana na Papa. Akamtafuta mtawa Gennadios, mpinzani mkubwa wa muungano na Roma, akakutwa ameuzwa utumwani Edirne. Akakombolewa, na Januari 1454 sultani akamkabidhi fimbo ya upatriaki. Tangu hapo patriaki wa Konstantinopoli ameishi chini ya dola isiyo ya Kikristo, na Moscow ikaanza kuona kwamba kiti cha heshima kimebaki wazi. Warusi walikuwa wamejichagulia askofu mkuu wao tangu 1448; mwaka 1472 Ivan wa Tatu alimwoa Sophia, mpwa wa kaisari wa mwisho; karne iliyofuata watawa wao wakaandika kwamba Moscow ni Roma ya tatu; na mwaka 1589 wakapata patriaki wao.

Unadhani ni habari za kale? Januari 2019 Patriaki Bartholomew, akiwa kwenye ofisi yake katika mtaa wa Fener, Istanbul, alilipatia kanisa la Ukraine uhuru wake. Moscow ilikuwa imeshavunja ushirika naye. Novemba mwaka huo Patriaki wa Alexandria, ambaye Waorthodoksi wa Afrika wako chini yake, akaliunga mkono kanisa lile la Ukraine. Tarehe 29 Desemba 2021 Moscow ikajibu kwa kuanzisha jimbo lake barani Afrika na kuwapokea makasisi 102 kutoka nchi nane, Kenya ikiwamo. Padri wa parokia ya kijijini Kenya anayeulizwa leo yuko upande wa nani anaulizwa swali lililoanza kupikwa siku Gennadios alipotolewa Edirne.

Nimeiacha pwani yetu mwisho kwa makusudi, Mwalimu, kwa sababu hapa nadhani somo lako linaweza kupata uhai mpya. Kutekwa kwa Konstantinopoli hakukumleta Mreno. Kulimleta Mturuki. Waosmani wakiwa na mji ule, bandari yake na karakana zake za merikebu katika Pembe ya Dhahabu, walikuwa dola la bahari mbili. Walipoichukua Misri mwaka 1517 wakapata ya tatu, Bahari ya Shamu, na wakaunda manowari Suez kupambana na Wareno waliokuwa wameshaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Waliiteka Aden mwaka 1538. Na mwaka 1585 nahodha wao Mir Ali Bey alitoka Yemen akashuka pwani yetu, akapokewa Mogadishu, Lamu na Mombasa na watu waliochoshwa na Wareno, waliokuwa tayari kumtambua sultani wa Istanbul.

Alirudi tena miaka mitatu baadaye akiwa na merikebu tano, akajenga ngome ndogo Mombasa. Mwanzoni mwa 1589 manowari za Wareno zikafika kutoka Goa, na wakati huohuo Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa mto Zambezi, walikuwa wamekusanyika upande wa bara wakingoja kuvuka kivukoni. Mombasa ikabanwa pande zote mbili. Mir Ali alikamatwa, akaishia Lisbon. Wareno wakatambua walikaribia kuipoteza pwani nzima. Tarehe 11 Aprili 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mjenzi wa ngome kutoka Milan.

Kutoka Tanga si mbali. Ukipata nafasi ya kuwavusha mpaka wanafunzi wako, wasimamishe upande wa ngome unaotazama nchi kavu, waone buruji zilivyochomoza pembeni kwa pembe kali. Ziliwekwa hivyo ili mizinga ya buruji moja iweze kuufagia ukuta ulio mbele ya nyingine. Waitaliano walijifunza kujenga namna hiyo baada ya mizinga ya karne ya 15 kuwaonesha kwamba ukuta mrefu ulionyooka haufai tena, kwanza kule Konstantinopoli, kisha nyumbani kwao Wafaransa walipowavamia mwaka 1494. Yule aliyeuliza kuhusu ile miaka 45, mpeleke mbele kabisa, auguse ukuta kwa mkono wake.